Mastaa wa mjini, acheni kuua okidi kisa laiki!
Kuna kamtindo kameingia mjini: staa ananunua okidi ya bei mbaya, anapiga picha, kisha anaifukia kwenye udongo wa bustani na kuimwagilia kila siku kama mchicha. Mizizi ikioza anawaambia mashabiki eti okidi zina gundu. Gundu gani? Okidi nyingi za madukani asili yake ni kuota juu ya miti, mizizi inataka hewa! Imalize maua kwanza, ndo ihamishiwe kwenye chungu chenye matundu na vipande vya magome. Maji ni pale mizizi ikigeuka rangi ya fedha. Na maua yakidondoka haijafa, inapumzika tu. Mashabiki wanaiga ujinga huu kwa hela ya kodi. Asiyejua aulize, ndo aposti. Wadau mnasemaje?