Nyaraka za msafiri zisitegemee mtandao pekee

Hakuna msafiri anayepaswa kukwama mpakani kwa sababu tu nyaraka zake ziko kwenye hifadhi ya mtandaoni asiyoweza kuifungua.

Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikayumba Tanzania na nchi jirani kwa wakati mmoja. Mwanza iko mbali na bahari, lakini nayo iliguswa.

Hata nyaya zikiwa nzima, mfanyabiashara wa Mwanza anayepita mpaka wa Sirari kwenda Kisumu, au wa Mutukula kwenda Kampala, mara nyingi hubadilisha laini ya simu kukwepa gharama. Akitaka kufungua akaunti yenye nyaraka zake, namba ya uthibitisho hutumwa kwenye laini aliyoichomoa. Tiketi, vibali vya mzigo, cheti cha chanjo ya homa ya manjano: vyote ni vyake, na hakuna anachoweza kukionyesha. Hili linatutia wasiwasi zaidi, maana halihitaji hitilafu yoyote kutokea.

Wenye dhamana ya mipaka na mawasiliano wakubali nakala za karatasi zenye mhuri, wahakikishe nyaraka zinasomeka simuni bila intaneti, na waweke njia nyingine ya uthibitisho kwa aliye nje ya nchi. Waanze sasa, kabla nyaya hazijakatika tena.