Taa ya nyuma

Wiki hii tunasema juu ya pikipiki, maana ni sisi tunaozipanda kila siku, na mara nyingi tunazipanda saa mbaya.

Hapa Goma jua linazama karibu saa kumi na mbili jioni, mwaka mzima, na nusu saa baadaye ni giza. Ndiyo saa tunatoka sokoni Virunga, mtoto mgongoni, kitenge cha rangi nzito, mzigo umefungwa nyuma. Udongo wetu wa volkano nao ni mweusi. Kamyo inayokuja nyuma kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa inakula karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akituona kwa kuchelewa, hata breki nzima haitoshi.

Kwa hiyo mama, kabla ya kupanda, zunguka nyuma uangalie. Taa nyekundu inawaka? Mara nyingi taa ni nzima, ila mkungu wa ndizi au ncha ya kitenge imeifunika. Angalia na ya mbele. Kuna vijana wanaoizima eti wanachunga betri. Mwambie kwa upole: "Mwanangu, washa taa kwanza, ndipo nipande." Akikataa, ita mwingine. Pesa ni yako.

Tena kuna jambo la usukani, ambalo wengi hawalifikirii. Congo tunapita kuume. Lakini Kenya, Uganda na Tanzania wanapita kushoto, na kamyo zinazotoka kwao zina usukani upande wa kuume. Dereva huyo anaketi mbali na upande wa kushoto, na kumbe ndiko motari wetu anapomruka! Huko anategemea kioo tu. Kama huoni uso wake ndani ya kioo kile, yeye pia hakuoni. Mguse motari begani, asubiri.

Kuhusu nguo, cheupe begani kinasaidia kidogo. Kinachosaidia zaidi ni ule utepe unaong'aa ukipigwa na taa, kama ulio kwenye jile za watu wa barabara. Dereva anauona kutoka mbali. Alhamisi kwenye mkutano tutaushona kwenye vitenge vya kubebea watoto, upande wa nje, mgongoni mwa mtoto. Kila mama alete kitenge chake na sindano. Uzi upo.