Bomu la Makaburu lilivunjwa bila kombora



Tangu Juni 2025, Israel na Marekani zilipoishambulia Iran, ukikaa baraza yoyote kuanzia Ukunda mpaka Vanga utasikia kauli mbili. Ya kwanza: serikali kaidi iliyotengwa na ulimwengu haielewi lugha nyingine ila makombora, basi ilipuliwe. Ya pili inasemwa na vijana wetu wenyewe: mwenye bomu haguswi. Gaddafi alisalimisha mradi wake wa nyuklia 2003, na 2011 akauawa. Korea Kaskazini ilifanya jaribio lake la kwanza 2006, na mpaka leo nani kathubutu kuigusa? Basi na Iran itengeneze, mambo yaishe.

Sisi tunasema kauli zote mbili ni hatari, na jawabu liko hapa hapa Afrika.

Jamani, tumesahau haraka. Bara hili liliwahi kuwa na serikali ya aina hiyo hiyo: imetengwa, inavamia majirani zake mpaka ndani ya Angola, na ghalani imeficha mabomu sita ya nyuklia. Ni utawala wa Makaburu wa Afrika Kusini. Je, Pretoria ililipuliwa? La. Umoja wa Mataifa uliipiga marufuku kuuziwa silaha 1977. Ikasusiwa michezoni, ikabanwa kibiashara, na wananchi wenyewe wakaitikisa kutoka ndani. Lakini mlango wa kurudi ulibaki wazi. Makubaliano ya 1988 yalipomaliza vita vyake na Angola, na De Klerk akaona mazungumzo na Mandela hayakwepeki, bomu likakosa kazi. Yote sita yakavunjwa. Julai 1991 nchi ikaingia mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia, Machi 1993 De Klerk akakiri bungeni, na wakaguzi wa kimataifa wakaenda kuhakikisha.

Kuna wanaosema aliogopa bomu lisije likarithiwa na serikali ya Mandela. Huenda. Hatumpambi. Lakini mabomu yalivunjwa bila mji hata mmoja kuchomwa.

Afrika haikuishia hapo. 1996 ukatiwa saini Mkataba wa Pelindaba, kwa jina la eneo karibu na Pretoria ambako Makaburu walifanyia utafiti wao wa nyuklia. Unaharamisha silaha hizo bara zima na visiwa vyake, na kifungu cha 11 kinakataza kuvishambulia vinu vya nyuklia. Ulianza kutumika 2009, na Kenya ni mwanachama.

Sasa linganisha na Iran. Mwaka 2015 ilikubali kurutubisha urani isizidi asilimia 3.67, na wakaguzi wakawa ndani wanatazama. Mei 2018 Trump akajitoa, ingawa wakaguzi walikuwa wakiripoti kwamba Iran inatimiza ahadi. Kilichofuata ni nini? Iran ikapanda mpaka asilimia 60. Juni 2025 mabomu yakaangushwa Fordow, Natanz na Isfahan, na mwezi huo huo bunge la Iran likapitisha sheria ya kusitisha ushirikiano na wakaguzi. Yaani kulikuwa na jicho ndani ya nyumba, wao wakalipofua, halafu wanalalamika giza!

Na nani anayetoa adhabu? Israel, ambayo haijatia saini mkataba wa nyuklia hata siku moja, na Marekani yenye maelfu ya mabomu. Hao hao Marekani waliivamia Iraq 2003 kwa madai ya silaha za maangamizi ambazo hazikuonekana. Tuhuma si ushahidi. Pwani hii tunalijua hilo vizuri.

Lakini nanyi vijana tuambieni, bomu linamlinda nani? Korea Kaskazini linamlinda mtawala. Njaa ya miaka ya 1990 iliua malaki ya watu wake, na utawala ule ule uliopata pesa za bomu haukuwalisha. Tena bomu likilipuka, moshi wake haumuulizi mtu dhehebu. Na angalia Afrika Kusini iliyovunja lake: Desemba 2023 iliishitaki Israel mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kwa ajili ya Gaza. Ingekuwa bado imekalia mabomu sita, ingesimama The Hague kwa uso gani?

Mtasema, Kwale inahusu nini? Tarehe 23 Juni 2025 Iran ilirusha makombora kwenye kambi ya Marekani ya Al Udeid, Qatar. Usiku ule mama wa Msambweni mwenye binti Doha hakuuliza nani ana haki. Aliuliza mbona simu haipokelewi. Mafuta yetu yanatoka Ghuba hiyo hiyo. Pakichafuka kule, nauli ya Likoni hadi Ukunda inapanda, na mvuvi wa Gazi anashindwa kuijaza mashine yake.

Na ukisimama ufukweni Diani ukatazama baharini, kilomita zaidi ya 3,500 mbele yako iko Diego Garcia. Kisiwa hicho kimo kwenye ramani ya Pelindaba, ila Uingereza haikubali kuwa mkataba unakihusu. Mapema 2025 Marekani ilipanga hapo ndege zake za B-2, zenye uwezo wa kubeba bomu la nyuklia. Mbona hiyo haiitwi tishio?

Kwa hivyo wabunge wetu wa Msambweni, Lunga Lunga, Matuga na Kinango, tunawataka mambo matatu. Iulizeni serikali bungeni ina mpango gani wa kuwaokoa Wakenya walioko Ghuba vita vikizuka. Itakeni Kenya ipeleke suala la Diego Garcia Umoja wa Afrika. Na Kenya isimame wazi: hatutaki bomu la Pyongyang, la Tehran, la Tel Aviv wala la Washington, na hatutaki vinu vya mtu yeyote vilipuliwe.

Sheria ikiwa msumeno, basi ikate mbele na nyuma.