Tuwapime Kwanza, Kisha Tuamue

Katika baraza la wazazi lililokutana mtaani kwetu, jambo lililoletwa lilikuwa moja: fedha za mchango zitumiwe kwa kazi gani? Wengi walitaka ukuta wa shule, wengine madawati. Kila mmoja aliapa kuwa aijua hali ya watoto. Alipoulizwa, "Waijuaje, bwana?" jibu lilikuwa, "Yasemwa." Nasi tulikuwa miongoni mwa waliojibu hivyo; hatuna haja ya kuficha.

Wanavyuoni wa Hadithi hawakuipokea habari kwa uzuri wake. Waliuliza imetoka kwa nani, naye aliisikia kwa nani, na je, ni mtu wa kuaminiwa? Ajabu ni kuwa katika mambo ya mtaa, ambayo ni mepesi zaidi kuyahakikisha, sisi twaridhika na uvumi.

Upo mfano ulio karibu nasi. Mwaka 2005 huko India jumuiya iitwayo Pratham ilianza kuwapima watoto kusoma nchi nzima, si kwa kuwakuta shuleni bali kwa kuwafuata majumbani. Mwaka 2009 desturi hiyo ikaingia Tanzania, Kenya na Uganda kwa jina la Uwezo. Vijiji huchaguliwa kwa bahati nasibu, na nyumba vilevile, ili asije mtu akazichagua nyumba za jamaa zake. Wapimaji ni watu wa kujitolea wa papo hapo. Mtoto hupewa karatasi: kwanza silabi, kisha maneno, kisha aya fupi, mwisho hadithi ya kiasi cha darasa la pili. Huandikwa pale alipofikia, na mzazi huambiwa. Hata mtoto asiyekwenda shule huhesabiwa, naye ndiye ambaye daftari la mwalimu haliwezi kumwonyesha.

Kabla ya hapo tulikuwa tukihesabu nini? Tanzania ilipoondoa ada ya shule za msingi mwaka 2001, madarasa yalijaa, nasi tukafurahi kwa wingi wa walioandikishwa na majengo yaliyosimama. Watoto walipopimwa mwaka 2010, ilionekana kuwa katika walio darasa la tatu, kiasi cha watatu tu kwa kumi waliweza kuisoma hadithi ya Kiswahili ya darasa la pili. Kiswahili, lugha yetu wenyewe!

Kazi ya namna hii yataka watu wasio na faida katika jibu, kwani mwenye duka hakaguliwi mizani yake na nafsi yake. Hatusemi kuwa hesabu za Serikali hazina maana; sensa, kwa mfano, nani mwingine awezaye kuifanya? Lakini jicho la pili lahitajika. Mwaka 2018 sheria ya takwimu ya Tanzania ilibadilishwa, ikawa ni kosa kutangaza takwimu zenye kuzitangua zile rasmi. Mwaka 2019 kizuizi hicho kikaondolewa. Waliodhani huo ni ugomvi wa wakubwa tu hawakufikiri karatasi ya mtoto wao ingekuwaje.

Ila msidhani kuwa tarakimu hufanya kazi peke yake. Katika wilaya ya Jaunpur, huko India, wachunguzi ambao miongoni mwao walikuwamo Abhijit Banerjee na Esther Duflo, waliopata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, walivilinganisha vijiji. Pale ambapo watu waliitwa mkutanoni, wakaelezwa habari za kamati za shule na hali ya watoto wao, kusoma hakukuongezeka. Pale ambapo vijana wa kijiji walifunzwa namna ya kusomesha, wakafungua madarasa nje ya saa za shule, watoto waliohudhuria walisonga mbele. Huko Kenya nako, uchunguzi uliotolewa mwaka 2014 ulikuta kuwa wazazi walioambiwa matokeo ya watoto wao hawakubadilika sana kwa vitendo.

Basi tulirudi chuoni kwetu tukaanza na nafsi zetu. Watoto waliokuwa wakisoma Juzuu Amma kwa sauti moja nzuri tuliwaita mmoja mmoja, tukawafungulia msahafu mahali wasipopazoea. Yule aliyekuwa akiwaongoza wenzake hakuweza kuunga herufi tatu. Alikuwa amehifadhi kwa sikio, nasi tumemsifu miaka miwili mbele ya baba yake. Aibu ilikuwa yetu, si yake. Kisha tukawapa hadithi fupi ya Kiswahili tuliyoiandika kwa mkono, na wengi wao wakakwama kwenye maneno.

Tulipoyaeleza haya barazani, ukuta uliahirishwa. Mchango umenunua ubao, chaki na vitabu vya hadithi, na vijana wanne waliomaliza sekondari, wawili wao mabinti, wamekubali kusomesha baada ya Alasiri. Mzee wetu mmoja hajaridhika bado. Asema ukuta ungeonekana na watu. Ni kweli, ungeonekana. Baada ya miezi mitatu watoto watapimwa tena, na wa kuwapima hatutakuwa sisi tunaowasomesha. Tumewaomba wazazi wa mtaa wa pili waje na karatasi zao.