Uchambuzi: Mgongo wa karani wa Muhima hupimwa na nani?

Kila alfajiri, katika kituo cha mabasi cha Nyabugogo, tarafa ya Muhima mjini Kigali, wachukuzi wa mizigo huwa wamekwisha kuanza kazi. Mjini humo huitwa "karani", jina ambalo Waswahili wengi humpa mtu wa kalamu na daftari. Karani wa Nyabugogo hana daftari. Chombo chake cha kazi ni mgongo.

Mfuko wa saruji una uzito wa kilo 50. Pendekezo namba 128 la Shirika la Kazi Duniani, ILO, la mwaka 1967, linataka hatua zichukuliwe pale mwanamume mzima anaporuhusiwa kubeba zaidi ya kilo 55. Wataalamu wa Marekani, katika kanuni waliyoirekebisha mwaka 1991, wameweka kilo 23 tu, tena mzigo ukiwa karibu na mwili. Mbebaji akiinama, akijipinda au akirudia mara nyingi, kiwango hicho hushuka.

Madhara ya kazi hii, basi, yanapimika. Wapimaji hutazama uzito, mkao wa mwili, marudio na mapumziko. Humwonyesha pia mfanyakazi mchoro wa mwili uliogawanywa sehemu 9, wakimwuliza ameumwa wapi katika miezi 12 na siku 7 zilizopita.

Swali ni nani apimwe. Nchini Rwanda, mwajiri huchangia asilimia 2 ya mshahara katika Bodi ya Hifadhi ya Jamii, RSSB, kwa ajili ya ajali na magonjwa yatokanayo na kazi. Aliyesajiliwa akipata ulemavu wa kudumu, daktari huutaja kwa asilimia. Ukifikia 15, mhusika hustahili pensheni. Ukipungua, hulipwa mara moja tu.

Karani hakwami kwa daktari. Hukwama kabla ya kumfikia, kwa kuwa hana mwajiri. Hupatana bei na mwenye mzigo, hulipwa, nao wakaachana. Sheria ya kazi namba 66/2018 inawagusa hata wafanyakazi wa sekta isiyo rasmi katika afya na usalama kazini, lakini hakuna anayewachangia. Bima ya afya ya jamii, mituweli, husaidia matibabu. Haifidii ujira wa siku anazolala.

Kikwazo cha pili ni wakati. Ajali ina siku na saa yake, ilhali maumivu ya kiuno hujijenga kwa miaka. Orodha ya ILO ya mwaka 2010 inayatambua maradhi ya misuli na mifupa yatokanayo na kazi, ila kuyathibitisha kunahitaji kumbukumbu.

Hapo ndipo vyama vya ushirika vya wachukuzi vinapoweza kuanzia: kuandika nani amebeba nini, kwa uzito gani, na ameanza kuumwa lini. Pasipo maandishi hayo, hata daktari mwadilifu atauona mgongo ulioumia bila kuiona kazi iliyouumiza.