Sera ya kuokoa maji itapwaya ikisahau maji moto

Kila kiwango cha maji katika bwawa la Ndakaini kinaposhuka, wakazi wa Nairobi huhimizwa kufunga mifereji, kuoga haraka na kuacha kunyunyizia maua maji. Miaka ya hivi majuzi wito huo umeanza kuambatanishwa na hoja nyingine, kwamba anayeokoa maji nyumbani huwa pia anapunguza gesi ya kaboni inayoongeza joto duniani. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Tatizo ni kwamba ukweli huo haupo pale ambapo wengi wetu tunaudhania.

Chimbuko lake ni mataifa ya ng'ambo, hasa Uingereza. Mnamo 2008 Shirika la Mazingira la nchi hiyo lilichapisha ripoti iliyobainisha kwamba takriban asilimia 89 ya kaboni inayotokana na mfumo mzima wa maji ya nyumbani, kuanzia kuyateka hadi kuyasafisha baada ya kutumiwa, hutokea ndani ya nyumba yanakopashwa moto. Mitambo ya kampuni za maji ilichangia sehemu ndogo tu iliyosalia. Kuanzia Aprili 2010, nyumba mpya katika Uingereza na Wales zilitakiwa kujengwa kwa namna ambayo matumizi yasingezidi lita 125 kwa mtu mmoja kwa siku. Kwa kuwa nyumba nyingi huko hupasha maji kwa boila za gesi, kila lita ya maji moto isiyotumika ni gesi isiyochomwa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kusukuma lita 1,000 za maji hadi kimo cha mita 100 hakuhitaji hata nusu ya uniti moja ya umeme, pampu ikiwa katika hali nzuri. Lakini kuyapasha maji hayo hayo kutoka nyuzi 18 hadi nyuzi 40 za Selsiasi, kiwango cha kuogea, kunahitaji zaidi ya uniti 25. Tofauti hiyo ni ya zaidi ya mara 50. Kwa hivyo mtu anayepunguza maji ya kuvuta chooni anaisaidia Ndakaini, jambo ambalo ni jema, ila mchango wake katika vita dhidi ya kaboni ni haba mno. Isitoshe, maji ya Nairobi hutiririka kwa sehemu kubwa kwa mteremko kutoka nyanda za juu za Murang'a.

Hapo ndipo sera ya kuazima inapoanza kutupwaya. Nyumba nyingi za kupangisha mijini hutumia shawa ya umeme inayopasha maji papo kwa papo. Yenye nguvu za kilowati tano hutoa yapata lita tatu na kidogo za maji moto kwa dakika, kiwango ambacho mtaalamu wa Uingereza angekisifu kwa ubanifu wake. Ukiubana mfereji zaidi, umeme unaoliwa haupungui, bali maji huzidi kuchoma tu. Kinachopunguza umeme ni kufupisha muda wa kuoga. Vifaa vya kubana maji bafuni, ambavyo huko ndivyo vilivyo mhimili wa sera, hapa haviokoi kaboni katika nyumba kama hizo.

Kuna msomaji atakayesema kwamba umeme wetu ni safi. Kweli, takriban asilimia 90 ya umeme unaozalishwa nchini hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Hata hivyo, wastani wa mwaka hausemi lolote kuhusu saa moja usiku, wakati familia zinapika na kuoga kwa pamoja. Saa hizo mahitaji yamewahi kupita megawati 2,300, jua limezama, na mitambo ya kuchoma mafuta mazito kama ile ya Kipevu na Rabai huitwa kuziba pengo. Mwishoni mwa 2024 Rais William Ruto alikiri hadharani kwamba baadhi ya maeneo yalikuwa yakikatiwa umeme nyakati za jioni kwa zamu. Shawa moja ya kilowati tano si kitu. Shawa laki moja zikiwashwa kwa pamoja ni megawati 500.

Na huo ni upande wa wenye umeme wa kutosha. Katika mitaa ya mabanda na vijijini, maji ya kuoga hupashwa kwa jiko la makaa au kwa kuni. Ndoo moja ya lita 10 huhitaji takriban gramu 120 za makaa, na kwa kuwa makaa mengi huchomwa katika matanuri ya udongo yanayopoteza sehemu kubwa ya mti, nyuma ya ndoo hiyo pana karibu kilo nzima ya kuni. Mama huyo hutumia maji machache kuliko mtu yeyote anayehimizwa kubana matumizi. Kumwambia aokoe maji zaidi ni dhihaka. Atakachofaidi ni gesi ya kupikia anayoweza kuimudu, na serikali imekuwa ikiyumba kuhusu jambo hilo: ushuru wa VAT kwa gesi uliondolewa 2016, ukarejeshwa kwa asilimia 16 Julai 2021, ukapunguzwa hadi asilimia nane mwaka uliofuata, kisha ukaondolewa tena 2023.

Kosa la kudhania badala ya kupima limewahi kutufika. Mnamo 2011 kampuni ya Vestergaard Frandsen iligawa vichujio vya maji vya LifeStraw karibu 900,000 katika mkoa wa Magharibi wa wakati huo, ikitarajia kurudisha gharama kwa kuuza hati za kaboni. Hoja ilikuwa kwamba kichujio kinaondoa haja ya kuchemsha maji kwa kuni. Wakosoaji waliuliza swali la haki: je, wale ambao hawakuwa wakichemsha kamwe waliokoa kuni zipi? Kanuni za biashara hiyo ziliruhusu wahesabiwe kana kwamba wangechemsha. Vichujio vilikuwa na manufaa kwa afya, lakini sehemu ya kaboni iliyouzwa haikuwahi kupaa hewani.

Tulikuwa na sheria iliyoelekea kulenga shabaha. Kanuni za 2012 ziliwataka wenye majengo yanayohitaji zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku kuweka mitambo ya kawi ya jua ya kukidhi angalau asilimia 60 ya mahitaji hayo, na majengo ya zamani yakapewa miaka mitano. Utekelezaji ulisuasua. Wenye nyumba walilalamikia gharama, na si bila sababu, kwani anayelipa bili ya umeme ni mpangaji. Tena waliozitunga hawakuwaza sana kuhusu maji: mtambo ukiwa juu ya paa la ghorofa ya sita, mpangaji wa ghorofa ya kwanza humwaga lita kadhaa za maji baridi kabla ya yale ya moto kumfikia.

Ukame nao una kaboni yake. Mifereji ikikauka, malori huanza kuzunguka mitaani. Lori la lita 10,000 likitumia lita saba za dizeli kwa safari hutoa karibu kilo 19 za kaboni, kwa maji ambayo yangefika bila moshi wowote. Kule Mombasa, maji ya Mzima hushuka kwa mteremko, lakini yale ya Baricho husukumwa kwa umeme, na si mara moja Kenya Power imekata umeme huo kwa ajili ya madeni. Kila lita ya Baricho inayovujia njiani imekwisha kulipiwa umeme.

Ugumu wa kuyapanga haya pamoja ni wa kikatiba. Huduma za maji ni jukumu la kaunti, ilhali udhibiti wa kawi uko mikononi mwa serikali ya kitaifa. Afisa wa maji hupima mita ya maji, mwenzake wa kawi hupima ya umeme, na shawa inayounganisha mita hizo mbili huuzwa dukani bila kibandiko cha kumwonyesha mnunuzi italamba uniti ngapi kwa dakika kumi.