Kodi Ambayo Haijazaliwa
BARAZANI, na Bakari Mwinyimkuu

Watu wengi, waonapo mtaa uliokuwa magofu na maduka yaliyofungwa ukigeuka baada ya miaka michache kuwa na majengo marefu na njia za lami, hudhani kwamba fedha za kazi hiyo zilikuwamo katika kasha la manispaa, au zilitoka kwa ukarimu wa matajiri. Kumbe katika miji mingi ya Marekani aghalabu fedha hizo zilikopwa, na rehani yake ilikuwa kodi ambayo bado haijazaliwa.

Jimbo la California ndilo lililouasisi mtindo huo. Sheria yake ya 1945 iliiruhusu miji kuunda mamlaka za kuendeleza upya mitaa iliyochakaa. Kisha serikali ya Washington, kwa sheria ya makazi ya 1949, ikaahidi kubeba theluthi mbili za hasara ya kununua na kubomoa, theluthi moja ikibaki mzigo wa mji wenyewe. Wapigakura wa California walikubali mwaka 1952 kwamba mzigo huo uweze kulipwa kwa ziada ya kodi ya majengo. Siku mpango unapopitishwa, thamani ya viwanja na nyumba zote zilizomo ndani ya mpaka hukadiriwa na kuandikwa. Tuseme mtaa ulikuwa ukitoa dola 1,000,000 kwa mwaka, na baada ya ujenzi ukatoa 3,000,000: ile milioni ya kwanza itaendelea kugawanywa kama desturi baina ya shule, wilaya na manispaa, lakini hizo 2,000,000 huenda kwa mamlaka, miaka nenda miaka rudi, mpaka deni liishe. Kwa kuitegemea ziada hiyo mamlaka huuza hatifungani, hununua ardhi, hubomoa, hulaza mabomba ya maji safi na machafu, kisha humpa mjenzi kiwanja kwa bei ya kumvutia.

Watetezi husema hakuna aliyedhulumiwa, kwani bila ya mpango ziada isingekuwapo. Hoja hiyo ina nguvu pale ambapo mtaa umekufa kweli kweli. Lakini thamani ya ardhi ya mjini hupanda hata mwenyewe akilala usingizi, na mishahara ya walimu nayo hupanda, ilhali fungu la shule katika mtaa ule limegandishwa pale lilipokuwa siku ya kwanza.

Ndipo ikawa muhimu mno nani ana haki ya kuutaja mtaa kuwa umechakaa. Mdhibiti wa hesabu za jimbo hilo, John Chiang, alipozikagua mamlaka 18 mwaka 2011, alikuta kwamba mpaka wa mpango wa Coronado, mji wa ufukweni wenye majumba ya mamilioni ya dola, ulikuwa umekizunguka kila kiwanja cha mtu binafsi mjini humo; na huko Palm Desert karibu dola milioni 17 zilikuwa zimetengwa kutengeneza nyasi na mashimo ya mchanga ya uwanja wa gofu wa kifahari. Mitaa ya mafukara iliyochakaa kwa hakika haikupata bahati hiyo. Fillmore, mjini San Francisco, maskani ya Wamarekani weusi na Wajapani, ilibomolewa nyumba kwa nyumba katika miaka ya 1950 na 1960, maelfu ya jamaa wakaondolewa, wengine wakiwa wamepewa hati za kutangulizwa watakaporudi, na wengi wao hawakurudi.

Gavana Jerry Brown, alipokuta mwaka 2011 jimbo limezama katika nakisi, aliona kwamba mamlaka hizo, zipatazo 400, zilikuwa zikichukua kiasi cha asilimia 12 ya kodi yote ya majengo, na kwamba Hazina ya jimbo ndiyo iliyokuwa ikizifidia shule kwa upungufu. Zilivunjwa rasmi tarehe 1 Februari 2012, mahakama kuu ya jimbo ikiwa imeidhinisha. Miaka miwili baadaye ilitungwa sheria nyingine iliyoirejesha ziada kwa namna ya hadhari, ila fungu la shule safari hii haliguswi; na kwa maoni yangu hivyo ndivyo ilivyopasa kuwa tangu 1952.

Kwetu Dar es Salaam, nyumba za Magomeni Kota zilizozinduliwa mwaka 2022 zilijengwa kwa fedha za Serikali, na kodi ya majengo tangu 2021 hukatwa katika umeme wa LUKU kwa viwango maalumu visivyotazama thamani: nyumba ya kawaida iliyo penye lami na iliyo penye tope hulipa sawasawa. Kodi ya namna hiyo haizai ziada ya kuwekwa rehani, hata mtaa ukipambwa kwa dhahabu. Kwa hiyo, mheshimiwa diwani atakapokuja na hadithi ya kuendeleza mtaa kwa fedha zitakazojileta zenyewe, naomba wakazi mumwulize, kabla ya kupiga makofi, thamani itakadiriwa na nani, fungu la nani litagandishwa, na wapangaji watalala wapi nyumba zikijengwa.